Mama Mkwe na Mvua ya Saa Tisa

Ninafundisha jiografia katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya mji wa Kakamega, na kila mwaka huchora ramani ya Kenya ubaoni na kuigawa kwa kiasi cha mvua, kwa chaki za rangi: kijani huku kwetu magharibi, njano ukielekea mashariki, nyekundu kaskazini kote. Wanafunzi hunakili bila kuuliza swali. Hata mimi sikuwahi kujiuliza lolote kuhusu ramani hiyo mpaka nilipooa upande wa njano.

Mke wangu ni wa Kitui, pande za Mutomo, ambako wingu likitokea watu hutoka nje kulitazama. Tulikutana chuoni Nairobi, mji wenye hali ya hewa ya katikati, na nadhani ndiyo sababu hatukugombana. Nilipomleta nyumbani alishuka na mwavuli mdogo wa maua, ule wa kukingia jua. Mama aliutazama mwavuli, akaniangalia mimi, kisha akanivuta kando kuniuliza kama huyu msichana alielezwa anakokuja.

Alielezwa, lakini hakuamini. Si kosa lake, kwa sababu asubuhi za Kakamega ni za uongo. Jua huwaka, anga huwa safi, na ukimwambia mgeni abebe koti atakuona mzushi. Ikifika saa nane, wingu linapanda kutoka upande wa Nandi, na saa tisa inanyesha, iwe kuna mazishi, harusi au mkutano wa chifu. Wahubiri wetu wamejifunza kufikia "Amina" mapema bila kusukumwa na mtu. Mke wangu alifua nguo saa saba mchana kwa wiki nzima kabla ya kukubali kwamba mvua haikuwa inamwonea yeye peke yake.

Mengine alijifunza pole pole. Chumvi iligeuka maji kwenye kibakuli. Njiti za kiberiti zilivunjika bila kuwaka. Siku moja alitoa mkanda wangu wa ngozi nyuma ya mlango, akaukuta umevaa ukungu wa kijani kuanzia kwenye bizimu hadi ncha, akaniletea akiwa ameushika kwa vidole viwili. Akasema hajawahi kuishi mahali ambapo hata mkanda unaota. Tulicheka sana siku hiyo. Tulikuwa bado hatuna mtoto.

Binti yetu alizaliwa Machi, mvua kubwa zikianza, na kufikia Juni alikuwa na kikohozi kisichotaka kuondoka. Kilikuwa kinapungua siku mbili, tunashukuru Mungu, kisha kinarudi na ndugu zake. Tulimpeleka hospitali ya Iguhu, tukapewa dawa, tukarudi tena. Daktari alisema dawa atatoa, lakini nyumba yenyewe ina unyevu, na mtoto anapumua unyevu huo usiku na mchana. Ilikuwa kweli. Nyumba yetu ilikuwa na mabati matupu juu, bila dari, na alfajiri ungeona matone yamening'inia kwenye misumari. Nepi zilikuwa zinakaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka.

Ndipo habari zikafika Kitui. Mke wangu alimweleza mama yake kwa simu, na jibu likaja siku hiyo hiyo: anakuja kuona kwa macho yake, na kama mambo ni hivyo alivyoambiwa, ataondoka na binti yake na mjukuu wake mpaka mvua iishe. Niliposikia hayo maneno ya mwisho nilihisi baridi ambayo haikuhusiana na hali ya hewa. Mimi ndiye mwalimu wa jiografia. Nilijua mvua ya Kakamega huisha lini.

Mama yangu alipoelezwa mpango huo aliuliza swali moja tu. "Inaisha lini?"

Nikamwambia Desemba kunakuwa na nafuu.

"Desemba ya mwaka gani?" akauliza, na akaendelea kuchambua mboga zake za mrenda.

Kabla sijaendelea inafaa nieleze jambo moja. Huku kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, hawali pamoja, wala hawapeani mikono. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Nilitarajia kwao iwe tofauti, lakini Ukambani nao wana heshima hiyo hiyo, pengine kutuzidi. Kwa hiyo huyu mama aliyekuwa anakuja kuamua kama nitabaki na familia yangu au la, sikuwa na ruhusa ya kumwambia hata neno moja la kujitetea.

Alifika Agosti, shule zikiwa zimefungwa, na mahindi mapya yakiwa yameanikwa uani. Mama alimpokea na kumpa chumba nyumbani kwake, upande wa pili wa boma letu. Mimi niliona kitambaa cha kichwa tu, kupitia ua. Alikuja na gunia dogo la ndengu, mbaazi na debe la asali, na mke wangu aliniambia kwamba njia nzima kutoka stendi mama yake alikuwa anauliza majani yaliyo kando ya barabara ni ya nani. Mama yangu alimjibu kwamba si ya mtu, ni ya barabara. Mgeni akasikitika kabisa. Majani yote yale, na hakuna hata mbuzi mmoja ndani yake.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Mama alichinja kuku, kwa sababu mgeni wa heshima huku bila ingokho ni kama hujamkaribisha, na akasonga obusuma, ugali wa wimbi. Wazee hao wawili walizungumza Kiswahili, kila mmoja akiamini kwamba Kiswahili cha mwenzake ndicho kibovu. Nilikula peke yangu nyumbani kwangu nikisikia vicheko, nikaanza kupata matumaini.

Siku ya pili ikanguruma.

Lazima ujue ngurumo ni nini kwetu. Ngurumo ya kwanza ya mchana ni kengele ya kuanua. Chochote kilicho nje kinaingia ndani: mahindi, nguo, kuni, godoro la mtoto, vifaranga, viatu, sufuria zinazokauka kwenye kichanja. Mtu anaacha chai, anaacha simu, anaacha hata maombi. Ukiona ya jirani nje na jirani hayupo, unaanua ya jirani pia, na asipokushukuru si neno, kesho atakuanulia wewe. Mama ana miaka mingi, magoti yanamsumbua, lakini ngurumo ikilia magoti hayo hupona.

Kwa mama mkwe, kumbe, ngurumo nayo ni kengele, ila ya kutoa. Kwao mvua ni mgeni wa nadra, na akija lazima akute vyombo viko tayari. Chochote kinachoweza kushika maji kinatoka nje na kuwekwa chini ya mabati.

Wakakutana mlangoni mwa jikoni. Mama alikuwa anaingia kwa kasi na karai la mahindi kichwani, mama mkwe anatoka kwa kasi na sufuria tatu mikononi. Nilikuwa nimesimama upande wangu wa ua, nikaona yote. Karai lilikwenda huku, sufuria zikaenda kule, mahindi yakamwagika kwenye tope na kuku wakayafikia kabla ya binadamu yeyote. Wote wawili waliomba radhi kwa adabu kubwa. Kisha, bila kupoteza muda, kila mmoja akarudia kazi yake. Mama akachukua sufuria zilizoanguka akaziingiza ndani. Mama mkwe akaingia akazitoa. Mama akazirudisha, akidhani ni usahaulifu wa uzee. Mke wangu, akiwa na mtoto mgongoni, alisimama katikati akijaribu kuwatafsiria, lakini hakukuwa na lugha iliyokosekana, na mvua ikashuka kabla hawajaelewana.

Jioni hiyo mama alikuja kwangu amekunja uso. Akasema mgeni ameteka vyombo vyake vyote. Nilichungulia nikaona chini ya mabati yake pamepangwa sufuria, beseni, jagi, birika, vikombe vya wageni na kile kibeseni cha kuogeshea mtoto, vyote vimejaa maji ya mvua hadi pomoni. Mama alitaka kusonga ugali lakini hakuwa na sufuria, na kila alipotaka kumwaga maji ya moja, mgeni alimshika mkono kwa upole na kumwambia maji hayamwagwi. Mgeni habishiwi, kwa hiyo mama hakubisha. Tulikula ndizi za kuchoma.

"Hapa kwetu maji yanaanguka tu bure," mama alilalamika. "Huyu anayawekanga kama dhahabu. Sasa tutapikia wapi?"

Nilicheka mpaka akaniambia niache ujinga. Lakini usiku mtoto alikohoa sana, na nilijua nyumba ya pili wanasikia, kwa sababu kicheko hakipenyi ukuta kama kikohozi cha mtoto. Nililala nikiwa nimekasirika, na sikujua ni nani wa kukasirikia. Huwezi kugombana na latitudo.

Kesho yake mvua ilinikuta natoka kwa jirani. Nilikimbia na kujibanza chini ya mabati ya jiko la mama, nikakung'uta maji kichwani, nikageuka, na hatua chache kutoka kwangu alikuwa mama mkwe. Naye alikuwa ametoka kukagua beseni, mvua ikamzidi. Mbele yetu maji yalianguka kama pazia. Heshima ilinitaka niondoke, lakini kuondoka kulikuwa ni kuoga. Nikageukia ukuta. Yeye akageukia upande wa migomba. Tukasimama hivyo, watu wazima wawili, tukipeana visogo.

Kati yetu kulikuwa na kuku mmoja mwekundu aliyejikunyata. Baada ya muda mrefu nikasikia mama mkwe akimwambia yule kuku: "Wewe kuku, hii mvua yenu huwa inakaa saa ngapi?"

Nilifikiri kidogo, kisha nikamwambia kuku kwamba ikianza na upepo haikai, lakini ikianza taratibu kama hii, inaweza kufika jioni.

"Kuku," akasema, "na nyinyi mnakauka lini?"

Nikamweleza kuku kuhusu Januari. Nilimweleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani, pamoja na ziwa, msitu na milima ya Nandi. Kuku alifumba jicho moja. Mama mkwe alisikiliza yote na nadhani alitabasamu, ingawa sikumwona, na kwa dakika hizo nilijidanganya kwamba nimeshinda kesi.

Kisha sauti yake ikabadilika. "Kuku, mimi nilizika mtoto wangu wa pili kwa kifua. Alikuwa mkubwa kama huyu mjukuu wangu. Watu waliniambia ngoja, atapona, nikangoja."

Mvua iliendelea. Nilitazama ukuta wa udongo. Sikuwa nimeambiwa habari hiyo. Nilikuwa nimemfanya huyu mama katika mawazo yangu kuwa adui aliyekuja kunivunjia nyumba, kumbe aliyesimama pale alikuwa mtu anayeogopa, na alikuwa anaogopa kile kile nilichokuwa naogopa mimi.

"Kuku," nikasema hatimaye, "bibi ya mtoto akitaka kwenda naye, mimi sina neno. Muhimu apone."

Tulisimama mpaka mvua ikapungua, akapita upande wake na mimi nikapita wangu.

Waliondoka asubuhi ya Jumamosi. Ilikuwa asubuhi nzuri kupita zote za mwaka huo, jua limetulia, miwa ya upande wa Kabras inang'aa mbali, hakuna hata wingu la ukubwa wa kitambaa. Nilitamani inyeshe, barabara ikatike, safari iahirishwe hata kwa siku moja. Saa tisa ilinyesha kama kawaida, lakini saa hizo walikuwa wameshavuka Nakuru. Mama aliniletea chai, akaitia sukari bila kuipima.

Nikawa mtu wa simu. Kila jioni mke wangu alinipa taarifa ya hali ya hewa, nami nikampa yangu. Huko jua linachoma hadi mbuzi wanagombania kivuli cha choo. Huku nimevaa sweta mbili. Huko nepi inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Huku kitambaa cha kufutia ubao kimeota uyoga. Wiki ya kwanza kikohozi kilipungua. Wiki ya tatu kilikwisha kabisa, na aliponiambia hivyo nilishukuru kwa sauti, kisha nikaketi kitandani. Nilikuwa nimeomba mtoto apone, na sasa amepona mbali na mimi, na ni mzazi gani atamtoa mtoto mahali alipoponea amrudishe mahali alipougulia?

Walimu wenzangu walinisaidia kwa namna yao. Walisema nimeoa jangwa, na jangwa halikai penye mvua. Mwenye bodaboda anayenipeleka shuleni alinishauri nihamie Kitui nikafundishe huko jiografia ya Kakamega, maana hakuna atakayeweza kunikosoa. Niliwacheka, kisha Jumamosi nikamwita fundi. Tulipigilia dari nyumba nzima, tukapaka ukuta upya, tukainua sakafu ya chumba cha mtoto. Ilipokwisha mama aliingia, akakaa, mvua ikaja, akatega sikio juu. Akasema haisikiki hata kidogo, ni kama iko kwa watu wengine. Nilijivuna sana.

Nilimpigia mke wangu kumwelezea dari. Akafurahi, lakini sauti yake ilikuwa imechoka. Mtoto hakuwa mgonjwa, alisema, ila mchana hataki kulala. Analia kuanzia saa nane hadi jioni. Wamembeba mgongoni, wamemwimbia, wamemwogesha, wamemlaza chini ya mti. Kitu kimoja tu kilisaidia, na walikigundua kwa bahati: bibi yake alikuwa anapepeta ndengu kwenye ungo karibu naye, na mtoto akanyamaza, akafumba macho. Ungo ulipotulia, akaamka. Tangu hapo mama mkwe alikuwa anapepeta ndengu zile zile kila mchana, ndengu zimekwisha kuwa safi mpaka basi, na mkono wake mmoja umevimba.

Nililala nikifikiria jambo hilo na sikulielewa. Watu wa mvua hatusikii mvua.

Ilikuwa Oktoba. Jumamosi moja, saa tisa, ikinyesha ile ya kuangusha migomba, simu yangu ililia. Namba ilikuwa ya mke wangu, lakini sauti iliyosema haikuwa yake.

"Mkwe," ilisema. "Huko kunanyesha?"

Niliitambua, nikasimama wima kama mwanafunzi. Safari hii hapakuwa na kuku kati yetu. Alikuwa ananisemesha mimi. Nyuma yake nilimsikia binti yangu akilia, kile kilio cha mtoto aliyelia muda mrefu.

"Kunanyesha, mama," nikasema.

"Mimi siisikii."

"Ni dari, mama. Nimeweka dari."

"Toka nje, utusikilizishe."

Nilitoka nikakimbilia kwenye jiko la mama, lililobaki na mabati matupu, nikainua simu juu kuelekea paa. Mama alikuwa ndani akipuliza moto. Akaniambia nitupe hiyo simu haraka, kuna radi, mtu hashiki simu kwenye radi, nimesoma vitabu vyote vile na sijui hilo. Nikamwonyesha kidole mdomoni. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu zake zote. Niliushikilia mkono juu mpaka bega likaanza kuuma, nikabadilisha mkono. Nilikuwa nalia kidogo, na moshi ulinisaidia kusingizia.

Niliporudisha simu sikioni na kuziba sikio la pili kwa kidole, kilio kilikuwa kimekwisha. Kule Mutomo kulikuwa kimya, ule ukimya wa jua kali, na ndani yake nikasikia pumzi ndogo, safi, isiyokwaruza.

"Amelala," mama mkwe akanong'ona. "Huyu mtoto ni wa huko. Unakuja lini kuwachukua?"

Nilikuwa na jibu tayari, kesho alfajiri, lakini mvua ilikuwa imezidi, na ili anisikie ingenibidi nipige kelele, na nikipiga kelele mtoto ataamka. Basi nikarudisha simu juu, kwenye mabati, nikaiacha mvua imjibu.